Simu Iliyojaa Sura Moja

Kijijini kwetu, upande wa Inyonga, habari ya msiba haitolewi kwa simu. Hata sasa ambapo mpaka wachunga ng'ombe wana simu, haitolewi. Ukifiwa na ndugu aliye mbali utaambiwa anaumwa sana, njoo umwone. Utapanda basi ukijua, au ukijidanganya, na ukifika utakalishwa chini, utaletewa maji, wanawake watakaa kulia na kushoto kwako wakushike, ndipo kaka wa mama yako, au kaka yako mwenyewe ukiwa mtu mzima, atakapolisema neno lenyewe kwa mdomo wake. Neno hilo lina mtu wake, na asiye na haki nalo haligusi. Mimi nimeishi Mpanda mjini miaka mingi, nashona nguo pale Ilembo, nimezoea mambo ya kisasa kama wengine, lakini hili sijawahi kuliona kuwa ushamba. Mtu hatakiwi kuupokea msiba akiwa amesimama jikoni peke yake na mwiko mkononi.

Nimelitaja hili kwanza kwa sababu bila kulijua hutaelewa kilichompata mama yangu siku mdogo wangu wa kike alipofariki.

Mtandao kwetu ulichelewa sana. Kwa miaka yote niliyokuwa mjini, ukitaka kumpata mtu wa kijijini ulitegemea kichuguu. Kilikuwa kwenye shamba la tumbaku la jirani yetu, kirefu, na ukisimama juu yake ukageukia upande wa Inyonga simu ilikuwa inashika kidogo. Watu walipanga foleni pale jioni na ndoo zao kichwani. Hapakuwa na siri. Ukigombana na mumeo aliyeko Tabora, foleni nzima inasikia, na ukishuka inakupa ushauri bila kuombwa. Mama hakuwahi kupanda. Alisema yeye ni mtu mzima, ana wajukuu, hawezi kupanda kichuguu mbele za watu kama mbuzi. Kwa hiyo salamu zake zilinifikia kwa makondakta wa basi, pamoja na chupa ya asali iliyozibwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni, na nyingi kati ya salamu hizo zilikuwa zimeharibikia njiani. Kuna mwaka niliambiwa mama anaumwa mguu, nikafunga cherehani nikaenda mbio, kumbe mguu ulikuwa wa kitanda.

Kisha serikali ikaja na mpango wake wa kupeleka mawasiliano vijijini. Kampuni za simu haziendi porini kwa mapenzi, maana huko wateja ni wachache na mafuta ya jenereta ni yaleyale, kwa hiyo serikali inaongezea fedha ili mnara ujengwe. Tulianza kuona vijana wakichimba mtaro kando ya barabara na kulaza bomba lenye mkongo wa mawasiliano ndani yake, kisha wakaufukia. Baadaye zikaja nondo, saruji, mafundi wenye kofia ngumu, na mnara ukasimama juu ya miombo. Siku ya kuuzindua waheshimiwa walikuja na magari mengi, ngoma zikapigwa, ng'ombe akachinjwa. Zahanati ikaunganishwa, shule ikaunganishwa. Mimi nilikuwepo, na nilikuwa nimenuna.

Nilikuwa nimenuna kwa sababu kijiji chetu hakikuwa na maji ya bomba, na bado hakina. Nilikuwa nikisema wazi, kwenye kikao au kwenye basi, kwamba mtu anayechota maji na ng'ombe dimbwi moja hana haja ya intaneti yenye kasi. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa ananijibu. Huyo alizaliwa na mdomo.

"Dada, wewe kila kitu maji, maji," alisema siku hiyo ya uzinduzi, tukiwa tumekaa kwenye mkeka tunakula. "Kisima kikikauka mtamwambia nani? Mtapanda kichuguu mkawaambie mchwa?"

"Niache nile," nikamwambia.

"Kula. Lakini ukishiba unipe namba yako, mama anataka kukupigia akiwa amekaa kwenye kigoda chake."

Tulicheka mpaka wali ukanipalia. Alikuwa hivyo. Ulikuwa huwezi kumkasirikia ukamaliza hasira yako.

Yeye ndiye aliyeajiriwa kwa mkataba kwenye mradi wa halmashauri uliofuata baada ya mnara. Kulikuwa na fedha ya kufundisha watu kutumia simu, hasa wanawake na wazee, ili mnara usibaki kuwa wa vijana wa kuangalia mpira. Akawa anazunguka na pikipiki vijiji vya Mlele, akifika hadi huko kwenye maboma ya Wasukuma waliohamia na mifugo, ambako wanawake walimkaribisha kwa maziwa na kumwita mwalimu. Mradi ulimpa vitabu vya kufundishia vyenye maneno mengi. Akavisoma, akaviweka kabatini. Alisema, huwezi kumwambia mama asiyejua kusoma aandike nenosiri.

Njia aliyoibuni ilikuwa ya sura. Alimpiga picha kila mtu, akaweka picha kwenye kila namba, na akahimiza ndugu wote walioko mbali waweke picha zao kwenye ile programu ya kutumiana ujumbe, ambayo wanawake wa kijijini walikuwa wakiiita tu "ya kijani." Kisha akawa anawakalisha chini na kuwaimbisha: usihangaike na maandishi, tafuta sura. Sura ya mtu ndiyo mlango wake. Bonyeza sura, bonyeza kipaza sauti, ongea. Wanawake waliokuwa wanaogopa simu wakaanza kutuma sauti kwa watoto wao Dodoma, Mwanza, Dar es Salaam. Nililia siku niliyopata ya kwanza ya mama. Nilijifanya nina mafua.

Na mama alikomaa! Jamani, yule mama aliyekataa kichuguu. Alfajiri anatusalimia, mchana anatuuliza tumekula nini, jioni anatueleza kuku yupi ametaga na yupi ni mvivu. Mambo yote aliyoyanyamazia kwa miaka kwa sababu hayakustahili kupewa kondakta, sasa alikuwa anayasema. Nilimjua mama yangu upya kupitia mnara nilioununia. Hilo nalikubali, na mdogo wangu alihakikisha nalikubali kila tulipokutana.

Kulikuwa na siku moja mama alinipigia ana wasiwasi. Mtoto wa binamu yetu alikuwa amehitimu uuguzi, na ukoo mzima ukaweka picha yake akiwa na joho. Mama kafungua simu asubuhi, kila sura ni ya yule msichana. Mjomba ana sura ya msichana, mimi nina sura ya msichana, hata babu mmoja wa Sitalike mwenye mvi mpaka masikioni ana sura ya msichana. Akafikiri simu imelogwa. Mdogo wangu alikuwa kwangu siku hiyo, akaninyang'anya simu huku anacheka.

"Mama, haijalogwa. Ukiona watu wote wameweka picha ya mtu mmoja, ujue kuna furaha yake. Wanampongeza. Wewe piga vigelegele tu, baada ya siku chache kila mtu atarudisha sura yake."

Mama akapiga vigelegele palepale kwenye simu. Masikio yaliniuma. Baadaye walikuja maharusi, wakaweka picha ya bibi harusi. Akaja mwingine aliyepata mtoto, vivyo hivyo, na mama hakutuuliza tena. Alikuwa amejifunza. Akawafundisha na wenzake.

Mdogo wangu alianza kuchoka. Alikuwa akishuka kwenye pikipiki anakaa kwanza, anasubiri pumzi. Tukasema ni barabara, ni vumbi, ni kazi. Miguu ikavimba. Hospitali ya mjini walituambia moyo umetanuka, na walimhudumia kwa kila walichokuwa nacho. Sina la kulalamika juu yao. Alilazwa. Kutoka kitandani alikuwa akimtumia mama sauti fupifupi, maana ndefu zilikuwa zinamkata pumzi, anamwambia naendelea vizuri mama, wiki ijayo nakuja unipikie. Nilimwuliza kwa nini anamdanganya. Akasema hajamdanganya, ameomba.

Akafa asubuhi, wakati wauguzi wanabadilishana zamu. Nilikuwa nimemshika mkono. Sitaandika zaidi juu ya hilo, kwa sababu siwezi.

Ndugu waliokuwa mjini walikusanyika kwangu Ilembo. Mjomba, kaka yake mama, ambaye ana duka dogo la vifaa vya baiskeli, ndiye aliyekuwa na haki ya neno. Alisimama uani akasema mambo mawili. La kwanza, mwili utabaki chumba cha baridi mpaka dada yake aambiwe. Wanaume watauleta kijijini kwa gari kesho yake. La pili, mtu yeyote asimpigie dada yake wala asimtumie chochote. Akipiga yeye, msiseme kitu. Yeye na mimi tutapanda basi la Inyonga sasa hivi.

"Mmenielewa nyie vijana?"

"Tumeelewa, babu."

Na walielewa, kwa kweli. Hakuna hata mmoja aliyempigia mama. Hakuna aliyemtumia neno. Waliweka picha tu.

Mimi sikujua. Kati ya Mpanda na Inyonga kuna kipande kirefu cha pori ambako simu haishiki kabisa, miti mitupu mpaka unachoka kuitazama. Nilikaa dirishani na mjomba pembeni yangu, mikono yake kwenye magoti, midomo ikitembea bila sauti. Alikuwa anajaribu neno. Mara nyingine alikuwa anatikisa kichwa, kama mtu aliyepima shati likakataa kumwenea, anaanza upya. Nikafikiri afadhali huku hakuna mtandao, afadhali huku dunia haijui kwamba amekufa. Nilimlaumu Mungu kimoyomoyo kwa maneno ambayo mama angenichapa kwayo.

Tulipoingia Inyonga stendi simu yangu ikaanza kutetemeka mkobani na haikukoma. Nikaitoa. Mdogo wangu alikuwa ananitazama kutoka kila mahali. Ile picha aliyopigwa kwenye harusi ya binamu, gauni la njano, kichwa kimerudishwa nyuma anacheka. Shangazi ni yeye. Binamu wa Dodoma ni yeye. Shemeji ni yeye, wapwa zangu wote ni yeye, hata mteja wangu mmoja wa magauni ni yeye. Wengine walikuwa wameandika chini yake, pumzika kwa amani dada, umetuacha mapema. Nikaketi juu ya gunia la mtu.

"Mjomba, wameweka picha."

Alichukua simu, akaisogeza mbali na macho yake, akaitazama muda mrefu.

"Nilisema wasimwambie."

"Hawakumwambia. Wameweka picha."

"Kwa hiyo dada yangu anajua," akasema. "Amejua peke yake."

Sijawahi kumwona mzee yule akikimbia, lakini alikimbilia bodaboda akiwa ameshika kofia yake. Tulikwenda na pikipiki mbili kwenye mchanga, na njia nzima nilikuwa namwona mama jikoni, amesimama, hana wa kumshika. Nilikuwa nimeshaona kila kitu: kaanguka, presha imepanda, majirani wanampepea kwa upande wa kanga. Nilikuwa tayari kwa hilo. Haki ya Mungu, kwa hilo nilikuwa tayari.

Mwanzo wa kijiji mwenye duka la pembeni ya barabara alitusimamisha. Alikuwa mtu wa makamo, katekista, msomaji wa barua za watu wote kabla mnara haujaja. Alishika mikono ya mjomba kwa mikono yake miwili, na kwa jinsi alivyoishika nikajua anajua.

"Poleni. Tuliona tangu asubuhi," akasema. "Sote tunaojua kusoma tumeona."

"Na yeye?" mjomba akauliza. "Yukoje?"

Yule mtu akatazama chini. "Hajui. Nendeni upesi, mzee wangu. Hajui, na ni vibaya zaidi. Sisi tulishindwa. Si neno letu."

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kumwuliza, kijiji kizima mnakaa na kitu hiki tangu asubuhi, hamna hata mmoja mwenye mdomo? Lakini alikuwa sahihi. Mila ni ile niliyoanza nayo, neno lina mtu wake, na mtu wake alikuwa kwenye basi porini. Tukamwacha, naye akafunga duka, akatufuata kwa miguu.

Kabla hatujafika nyumbani nikasikia vigelegele.

Nilidhani nimechanganyikiwa. Kilio cha msiba nakijua, na hicho hakikuwa kilio. Ilikuwa sauti ya wanawake wanaoshangilia, na kati yao ile ya mama, ileile iliyonipasua masikio siku ya mhitimu. Tukaingia uani. Jogoo alikuwa ameshachinjwa, manyoya yako kwenye beseni. Wanawake wa kikundi cha mdogo wangu, wale aliowafundisha kubonyeza sura, walikuwa wanazunguka wakicheza, mmoja ana unga kwenye ungo, mwingine kaleta chupa ya asali. Na mama katikati yao, kavaa kitenge chake cha kanisani, simu mkononi ameiinua juu ili sura ya mwanawe ionekane.

Akatuona. Akaja mbio, yule mama mwenye magoti mabovu.

"Nilijua! Nilijua mtakuja naye! Nimefungua simu asubuhi, kila mtu kaweka mwanangu. Kila mtu! Nikasema amepona, wametoka naye hospitali, wanampongeza. Yuko wapi?" Akawa anachungulia nyuma ya pikipiki, akaitazama ya pili. "Mmemwacha barabarani? Amechoka kutembea?"

Mjomba alifungua mdomo. Mambo yote aliyojaribu kwenye basi yalikuwa yamemtoka.

"Anakuja nyuma," akasema.

Lilikuwa neno la kweli. Alikuwa anakuja nyuma, kesho, kwenye gari. Lakini wanawake wakapiga vigelegele tena, na mimi nikaona nitakufa pale pale.

Tukakalishwa, tukaletewa maji, kama desturi. Ila waliotukalisha walikuwa wanatabasamu. Mama akakaa mbele yetu kwenye kigoda, hakuna aliyemshika, kwa sababu hapakuwa na aliyejua kwamba anatakiwa kushikwa. Akaanza kuulalamikia mnara.

"Lakini huu mtandao wenu leo una shetani. Nimempigia shangazi yenu, anapokea, akisikia sauti yangu simu inakatika. Nimempigia mwanao mkubwa, kaka, inakatika. Nabonyeza sura ya mwanangu, napokelewa na mwanaume, anasema 'bibi, bibi,' kisha kimya! Leo kila ninayembonyeza anakata. Mkirudi mjini waambieni huko serikalini waje waurekebishe."

"Tutawaambia," mjomba akasema. Akanywa maji. Akaweka kikombe, akakichukua tena ingawa kilikuwa kitupu. "Na nyuki," akamwuliza, "nyuki wa mwaka huu wakoje?"

Nyuki! Nilimgeukia. Mzee wa watu macho yamejaa machozi, anamwuliza dada yake habari za nyuki. Nilimhurumia na nilimkasirikia kwa pamoja. Mama akamjibu kwamba nyuki wazima, mizinga ya upande wa mtoni imejaa, ametenga asali ya mgonjwa. Nyuma ya wanawake nikamwona mwenye duka amefika, amesimama na kofia kifuani, na wengine wachache pamoja naye, mwalimu, binti wa zahanati, wote wale wanaojua kusoma. Walikuwa wanangoja. Uani kwetu watu walikuwa wamegawanyika makundi mawili, na mama yangu alikuwa upande wa waliokuwa wanacheka.

Sikuwa na haki ya lile neno. Mimi ni mwanamke, ni mtoto wake, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kumshika tu. Nikainuka, nikaenda nikapiga magoti nyuma ya kigoda chake, nikamzungushia mikono kiunoni. Akanipigapiga mkono. Alidhani ni mapenzi.

"Mama," nikasema, "amekufa."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Amekufa leo asubuhi. Amekufa, mama yangu."

Akacheka. Si kicheko cha mtu aliyepagawa, alicheka kweli, kama mtu aliyeambiwa utani mbaya na mtoto asiye na adabu.

"Wewe na mdomo wako. Nimemwona asubuhi." Akafungua simu na kunionyesha juu ya bega lake. "Huyu hapa. Huyu. Huyu naye. Huyu. Mtu aliyekufa anachekaje hivi? Kila mtu amemweka, ni furaha yake. Alinifundisha mwenyewe."

Nilikuwa nimebana uso wangu kwenye mgongo wake, kwenye kile kitenge cha kanisani kilichonukia sabuni. Mjomba alikuwa analia waziwazi sasa, mikono imeachwa magotini, na mama alipomwona kaka yake analia aliishusha simu. Yule mwenye ungo akauweka chini polepole.

Mama akawatazama wale waliosimama nyuma.

"Wewe," akamwambia mwenye duka. "Njoo. Wewe si unasoma? Hapa chini ya mwanangu pameandikwa nini?"

Yule mtu akaja, akachuchumaa, akapokea simu. Akamtazama mjomba kuomba ruhusa, mjomba akainamisha kichwa.

"Pameandikwa, pumzika kwa amani."

"Na hapa?"

"Pumzika kwa amani, dada."

"Na hapa?"

"Mama, ni hivyo hivyo."

"Nimekuuliza hapa."

"Umetuacha mapema," akasoma.

Wanawake wakaanza. Mmoja alijitupa chini, mwingine akashika kichwa, wakalia kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, na wengine wakaja kumshika mama kulia na kushoto kama inavyotakiwa, wamechelewa. Yeye hakulia. Nilikuwa nimemkumbatia na niliusikia mwili wake umekauka kama ubao. Alichukua simu yake kutoka kwa yule mtu, akaifuta kwa kitenge, akaitazama tena.

"Sasa kati ya hawa," akaniuliza, "aliyekufa ni yupi?"

Nilimwelewa. Kwake kila sura ilikuwa mlango wa mtu, na siku hiyo milango yote ilikuwa na mwanawe, na kila alipobisha alitoka mtu mwingine. Nikashika simu, nikaanza kupandisha kwa kidole. Shangazi akapita, binamu akapita, shemeji, wapwa, mjomba mwenyewe hakuwa ameweka kitu, wale wa kikundi, wale wa kanisani, gauni la njano, gauni la njano. Ilinichukua muda. Watu wote waliopigiwa siku hiyo walikuwa wamekaa juu, na yeye hakuwa amepigiwa. Alikuwa chini kabisa. Yeye hakuwa na picha ya harusi. Alikuwa amevaa tisheti ya mradi iliyopauka, nywele hazijasukwa, mdomo wazi, mtu kampiga picha akiwa katikati ya kuongea.

"Huyu, mama."

Akamwekea kidole gumba juu ya uso, hakubonyeza.

"Huyu ndiye wangu," akasema. "Hao wengine warudishie wenyewe."

Kisha akateremka kwenye kigoda, akaketi chini, akanyoosha miguu kama wafiwa wanavyokaa, akaanza kulia.